Tuuze shamba la mama ili niende Geneva?

Shangazi, shikamoo.

Nina miaka 23, nasoma sheria mwaka wa nne hapa Dar es Salaam. Nyumbani ni Kasulu, kijiji kilicho jirani na kambi ya Nyarugusu. Baba ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Mama ni mkulima, na ana shamba la michikichi upande wa Mwandiga aliloachiwa na babu. Mawese ya shamba hilo ndiyo yaliyonilipia nauli, sare na madaftari tangu kidato cha kwanza hadi cha sita. Chuo nasoma kwa mkopo wa Bodi, na boom, yaani posho ya mkopo, likichelewa mama hutuma alichonacho.

Tangu utotoni nimetaka kufanya kazi ya amani. Mwaka 2015 nilikuwa darasa la sita Warundi walipoanza kukimbia. Wengi walikwama Kagunga, ufukweni mwa ziwa, kipindupindu kikawakuta hapo hapo. Meli ya Liemba ikawa inawabeba kuwaleta Kigoma mjini, kisha mabasi yanawaleta Nyarugusu. Sisi watoto tulikuwa tunasimama barabarani tunayahesabu mabasi. Siku moja nilimsindikiza mama zahanati. Palikuwa na mwanamke wa Kirundi ana mtoto mgongoni. Nesi hamwelewi, na yeye hamwelewi nesi. Mimi nilimwelewa kwa sababu Kiha chetu na Kirundi ni ndugu, nikawa nasema anachosema. Alipomaliza habari za mtoto akaanza kueleza mengine ya njiani, ambayo hakuna aliyemuuliza. Nilishindwa kuyasema yote. Mengine sikuwa na neno lake kwa Kiswahili. Mengine neno nilikuwa nalo, lakini nilikuwa na miaka 13 na mama yangu amekaa pale. Sijawahi kumsahau yule mama. Ndiyo maana nikachagua sheria.

Sasa tatizo langu. Nimepata nafasi ya mafunzo kwa vitendo ya miezi sita katika taasisi moja ya kimataifa huko Geneva inayoshughulika na usuluhishi wa migogoro. Nilipoipata barua nililia. Lakini hawalipi. Nauli, bima, chumba, chakula, vyote ni juu yangu. Nimepiga hesabu na dada mmoja aliyewahi kuishi huko, inafika kama shilingi milioni 25. Baba amesema shamba la michikichi liuzwe, na kitakachopungua atakopa SACCOS. Anasema mtoto wa mwalimu wa Kasulu hapati barua ya namna hii kila mwaka. Mama hakusema mengi. Alisema, "Mkishaliuza, mniambie nitachemsha nini."

Kuna jambo jingine. Mhadhiri mmoja aliwahi kuniambia mbele ya wenzangu kwamba sheria ya kimataifa ni ya watoto wa mabalozi, mimi niende Law School nikawe wakili wa talaka na mirathi. Iliniuma sana na bado inaniuma. Na kusema ukweli, Law School yenyewe naiogopa; watu wanarudia mitihani hadi wanakata tamaa. Tena sijui kama mtu wa kazi za amani anauhitaji huo uwakili. Kifaransa sijui. Ndugu kwenye ofisi yoyote kubwa sina.

Natakiwa kujibu ndani ya wiki tatu. Shangazi, niende?

Binti wa Kasulu

*

Marahaba, mwanangu.

Shamba lisiuzwe. Naanza na hilo kwa sababu una wiki tatu tu, na baba yako, kwa jinsi nilivyomsoma, ameshaanza kumtafuta mnunuzi. Mengine tuyazungumze taratibu.

Nafasi hiyo umeipata kwa akili yako na nakupongeza kwa moyo wote. Ila isome barua yao kama wakili anavyosoma mkataba: nani anapata nini, na nani analipa. Wao wanapata miezi sita ya kazi yako, utafiti, kumbukumbu za vikao, rasimu. Wewe unapata cheti na majina ya watu ambao huenda watakukumbuka. Gharama yote inabebwa Mwandiga. Wala si taasisi hiyo peke yake. Sekretarieti ya Umoja wa Mataifa nayo hailipi vijana wanaofanya mafunzo kwake, ingawa baadhi ya mashirika ya Umoja huo, kama ILO na UNICEF, hutoa posho. Maana yake kijana anachujwa kwa uwezo wa nyumbani kwao kabla hajapimwa kwa kitu kingine chochote. Jambo hili limenikera miaka mingi, na nawasifu wanaopigania libadilike. Lakini hasira yangu haiwezi kurudisha michikichi. Ukishaliuza shamba, hata mkija kupata kingine, mche mpya unataka miaka mitatu, minne kabla haujazaa, na katika miaka hiyo mama yako anakula nini?

Halafu baada ya miezi sita unarudi ukiwa bado huna uwakili, huna kazi, na baba ana deni la SACCOS. Nafasi zenye mshahara zinadai uzoefu wa miaka. Chukua Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kule The Hague: ili jina lako liingie kwenye orodha ya mawakili wake unatakiwa uwe na uzoefu wa miaka 10, na hata kuwa msaidizi wa wakili wanataka miaka 5. Miaka hiyo haijazwi kwa vyeti vya mafunzo. Inajazwa kwa majalada.

Na kuna hili ambalo naomba ulipokee kwa utulivu. Umeshasoma Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Kifungu chake cha 3 kinampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata ardhi, kuimiliki, kuitumia na kufanya nayo shughuli. Shamba umesema ni la mama, ameachiwa na baba yake. Sasa isome tena barua yako mwenyewe: baba ndiye aliyesema liuzwe, wewe ndiye uliyepiga hesabu, mama akafikishiwa jambo likiwa limeshapikwa. Najua hamkukusudia. Baba yako anakupenda kiasi cha kuingia kwenye deni uzeeni, na hilo ni jambo kubwa. Ila wewe unataka kufanya kazi ya kukaa na watu waliogombana na kuhakikisha aliyenyamaza kwenye kona naye anasikika. Mama yako amesema sentensi moja tu, na ni swali. Mjibu.

Sasa turudi zahanati. Wewe umeiandika kama utangulizi, mimi nimeisoma mara tatu.

Miaka ya tisini nilikuwa wakili mchanga Arusha. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda, iliyoundwa na Baraza la Usalama Novemba 1994, ilikuwa inakaa kwenye majengo ya AICC, kile kituo cha mikutano ya kimataifa, na siku ambazo sikuwa na kesi nilikwenda kukaa upande wa wasikilizaji, nyuma ya kioo, nimevaa visikilizio. Kesi iliyobadilisha sheria dunia nzima ilikuwa ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba huko Rwanda. Hukumu ilisomwa tarehe 2 Septemba 1998, na ndiyo ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa kosa la mauaji ya kimbari. Ndiyo ya kwanza pia kutamka kwamba ubakaji unaweza kuwa sehemu ya mauaji ya kimbari. Chuoni wamekufundisha hayo.

Huenda hawakukufundisha jinsi ubakaji ulivyoingia kwenye kesi hiyo. Hati ya mashtaka ya mwanzo haikuwa nao kabisa. Mwaka 1997 shahidi mmoja, mama, akiwa anaeleza mambo mengine, akasema kwamba binti yake wa miaka 6 alibakwa. Hakuwa ameitwa kueleza hilo. Majaji walikuwa watatu, Navi Pillay wa Afrika Kusini akiwa mwanamke pekee kati yao, na hawakuliacha lipite. Wakauliza. Shahidi mwingine akaeleza yaliyompata yeye. Juni mwaka huo hati ya mashtaka ikarekebishwa. Na hukumu ilipoandikwa, majaji walilazimika kutenga aya nzima za kuchambua maneno ya Kinyarwanda ambayo mashahidi waliyatumia: gusambanya, kurungora, kuryamana, gufata ku ngufu. Wewe Mha hata huhitaji kamusi kuona ugumu uliokuwapo. Neno la mwisho tu ndilo linalotaja nguvu wazi wazi. Mengine, mtu asiyejua lugha wala aibu za kina mama wa kule, angeyasikia kama habari ya uzinzi au ya watu kulala pamoja. Kesi nzima ilipita kwenye tundu hilo dogo: mwanamke anasema jambo ambalo hakuulizwa, kwa neno lisilo wazi, na lazima awepo mtu wa kulisikia na kulifikisha lilivyo.

Ulikuwa na miaka 13 ulipokutana na mwanamke wa namna hiyo. Hukushindwa, mwanangu. Ulikuwa mtoto. Ila tangu siku ile unajua kwa mwili wako jambo ambalo wengi wanaokaa kwenye vikao vya Geneva wamelisoma tu kwenye ripoti, na sioni ulazima wa kulipa milioni 25 ili ukalisome nawe kwenye ripoti.

Nikuulize tena: yule mama alikuwa anakimbia nini? Jibu la mtaani ni vurugu za Bujumbura. Jibu la mwanasheria ni ibara mbili ambazo hazikukaa vizuri. Mkataba wa Amani wa Arusha kwa Burundi, uliosainiwa tarehe 28 Agosti 2000, ulisema mtu asiwe rais kwa zaidi ya vipindi viwili. Katiba ya 2005 ikaja na ibara ya 96, kwamba rais anachaguliwa na wananchi kwa miaka mitano na anaweza kurudia mara moja. Kisha ibara ya 302, kwamba rais wa kwanza baada ya kipindi cha mpito atachaguliwa na wabunge. Pierre Nkurunziza alichaguliwa na wabunge 2005, akachaguliwa na wananchi 2010. Mwaka 2015 watu wake wakasema kile cha kwanza hakihesabiki kwa kuwa hakikupigiwa kura na wananchi. Mei mwaka huo Mahakama ya Katiba ikamkubalia, huku makamu wa rais wa mahakama hiyo akikimbilia Rwanda na kusema majaji walitishwa. Mabasi uliyoyahesabu barabarani yalitokana na hapo. Sisemi ibara peke yake ndiyo ilifukuza watu, walikuwapo wenye bunduki. Lakini nataka uone kwamba kalamu ya mwandishi wa katiba ilifika mpaka Kasulu.

Sasa sikiliza kilichofuata, maana ndicho kinachojibu swali lako la uwakili. Asasi za kiraia za Afrika Mashariki zilikwenda Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha, kuulalamikia uamuzi ule. Ngazi ya kwanza zikashindwa 2016. Zikakata rufaa, shauri likarudishwa, zikashindwa tena, zikakata rufaa tena, na Novemba 2021 kitengo cha rufaa kikaamua kwamba uamuzi wa Mahakama ya Katiba ya Burundi ulikiuka Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Nkurunziza alikuwa ameshafariki, Juni 2020. Ndiyo, haki ilichelewa hivyo, nami sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa: sheria hii unayoitaka huchosha, na yule mama wa zahanati huenda bado yuko Nyarugusu. Lakini hukumu ipo, na itatumika siku nyingine mahakama ya nchi mwanachama ikifanya vile.

Nani anaruhusiwa kusimama pale kumwakilisha mtu? Fungua Mkataba wa Jumuiya, ibara ya 37: ni wakili mwenye haki ya kusimama mbele ya mahakama ya juu ya nchi mwanachama. Hawaulizi ulifanya mafunzo Geneva. Wanauliza kama umeapishwa. Na ibara ya 30 inamruhusu mkazi yeyote wa Jumuiya kufungua shauri, ndani ya miezi miwili tu, kwa hiyo wanahitajika mawakili walioko karibu na watu, wanaojua kuhesabu siku. Uzito wa jambo hili umeongezeka tangu Novemba 2019, Tanzania ilipotoa taarifa ya kuondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi kuishtaki moja kwa moja kwenye Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo nayo iko Arusha. Mlango mmoja umefungwa kwa Watanzania wa kawaida, huu mwingine bado uko wazi, na ufunguo wake ni uwakili.

Kwa hiyo ndiyo, unauhitaji. Hofu yako ya Law School siidharau. Matokeo ya 2022 yalizua mjadala mpaka waziri akaunda kamati. Nitakachokwambia ni kimoja, nimekiona kwa vijana niliowasimamia: wanaokwama wengi hawakwami kwa kutojua sheria, wanakwama kwa kutojua kuandika. Hati ya madai, kiapo, maoni ya kisheria. Anza sasa, kabla hujaingia. Omba wakili yeyote mwenye moyo akupe majalada yaliyokwisha, uandike hati upya halafu ulinganishe na yake.

Huyo mhadhiri aliyekwambia ukawe wakili wa talaka na mirathi alitaka kukushusha. Lakini kazi aliyoitaja si ya kudharauliwa hata kidogo. Nimewahi kukaa siku nne na ndugu saba wa tumbo moja wanaogombea nyumba ya marehemu baba yao. Hakuna aliyekuwa anataka nyumba. Mmoja alitaka kaka yake akiri kwamba hakuja msibani. Kujua kwamba watu wanagombea nyumba huku wanataka jambo jingine, hiyo ndiyo kazi yenyewe ya amani, na hakuna darasa lake zuri kama faili la mirathi.

Na usikubali kabisa hiyo habari ya watoto wa mabalozi. Desemba 1961 serikali changa ya Tanganyika ilitoa tamko lake kuhusu mikataba ya mkoloni: ile ya nchi mbili itaendelea kwa miaka miwili tukiipitia, ambayo hatutakubaliana upya itakoma. Mwaka uliofuata ikaandika wazi kwamba haifungwi na makubaliano ya Nile ya 1929. Leo hii kila anayesoma urithi wa mikataba, popote duniani, anaisoma Kanuni ya Nyerere. Navi Pillay niliyekutajia ni mtoto wa dereva wa basi wa Durban. Jamii yake ilimchangia asome, na mwaka 1967 akafungua ofisi yake ya uwakili huko Natal. Baadaye akawa rais wa mahakama ile ya Arusha, jaji The Hague, kisha Kamishna Mkuu wa Haki za Binadamu wa Umoja wa Mataifa. Baba yako anaweza kuniuliza, mbona huyo alichangiwa? Alichangiwa masomo. Kuchangiwa masomo na kulipia ili umfanyie mtu kazi ni mambo mawili tofauti.

Wa nyumbani nakupa mmoja. Jaji Mark Bomani, aliyewahi kuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, ndiye aliyekuwa msaidizi wa Mwalimu Nyerere katika usuluhishi wa Burundi, na Mwalimu alipofariki Oktoba 1999 akaendelea na Nelson Mandela mpaka mkataba ukapatikana. Pande zilikuwa 19. Watu humkumbuka Mandela, na ni haki yake. Lakini palihitajika watu wa kukaa usiku na rasimu, kamati kwa kamati, kutafuta maneno ambayo Mhutu na Mtutsi wote wangeweza kuyawekea saini, kama lile la jeshi kutokuwa na zaidi ya asilimia 50 ya kabila moja. Kazi hiyo ilifanywa na watu waliokuwa wanasheria kwanza.

Lugha sasa. Umesema Kifaransa hujui, ukaishia hapo, kana kwamba huna kitu. Unacho Kiha na unacho Kiswahili. Mashahidi wa Kongo kwenye kesi za The Hague, ile ya Bosco Ntaganda mojawapo, walitoa ushahidi kwa Kiswahili, Kiswahili cha Ituri, ambacho Mswahili wa Dar anakisikia nusu. Wewe umekua na Wakongo wa Nyarugusu, wako pale tangu 1996. Hata hivyo usijidanganye: Kiha si Kirundi, na kwenye ushahidi tofauti ndogo inaweza kumfunga mtu. Jifunze Kirundi chenyewe, kukisoma na kukiandika. Na Kifaransa anza mwezi huu. Nyaraka za Burundi na za Kongo, na sehemu kubwa ya mazungumzo ya maziwa makuu, ni Kifaransa. Alliance Française wana madarasa hapo Dar es Salaam. Ukishindwa ada, tafuta Mkongo au Mrundi aliyesoma, umfundishe Kiingereza akufundishe Kifaransa. Kati ya mambo yote niliyokuandikia, hili nimeliona likibadilisha maisha ya vijana haraka kuliko lolote.

Ukishaapishwa, rudi Kigoma kwa miaka miwili, mitatu. Najua moyo unasema umekwama. Lakini pale kuna Sheria ya Wakimbizi ya 1998, kuna Mkataba wa OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, wa 1969 kuhusu wakimbizi, kuna watu wanaohojiwa kuhusu hadhi yao ya ukimbizi na kuhusu kurudi kwao, na kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inayowatambua wasaidizi wa kisheria ambao wanahitaji wakili wa kuwaongoza. Kuingia kambini kunataka kibali cha Wizara ya Mambo ya Ndani, kwa hiyo pita kwenye asasi yenye kibali. Angalia pia nafasi za wanaojitolea chini ya Umoja wa Mataifa, UNV. Wale hulipwa posho ya kujikimu, na kazi ni ya kweli. Nakuomba jambo moja tu ukiwa huko: usiwakusanye watu habari zao kwa ajili ya maombi yako ya chuo. Ukimsikiliza mtu, jua kwanza unamsaidia nini.

Shahada ya uzamili itakuja baadaye, tena kwa fedha za wengine. Chuo Kikuu cha Pretoria kina programu ya haki za binadamu na demokrasia Afrika yenye ufadhili. Ufadhili wa Chevening wa Uingereza unataka saa 2,800 za kazi, yaani kama miaka miwili. Makerere wana stashahada ya ujenzi wa amani inayofadhiliwa na Rotary, kwa watu wenye uzoefu wa miaka 5. Unaona wote wanachouliza? Wakati huo huo mihadhara ya sheria ya kimataifa ya Umoja wa Mataifa iko mtandaoni bure, majaji na maprofesa wakubwa kabisa wanafundisha. Pakua usiku bando likiwa rahisi.

Kuhusu Geneva, usiandike kukataa. Andika barua fupi ya heshima, eleza kwamba kwa sasa huwezi kubeba gharama, uliza mambo mawili: kama wana mfuko wa kuwagharamia vijana wa nchi zinazoendelea, na kama nafasi inaweza kusogezwa hadi umalize Law School. Wakikubali kugharamia, nenda, nami nitafurahi. Wakisema hapana kwa yote mawili, angalau jina lako limebaki kwao kama la mtu anayejua kuuliza.

Barua hiyo iandike leo, kisha ndiyo umpigie baba. Umwambie hujakataa, unaahirisha, na umwombe asaidie ada ya Kifaransa badala ya kukopa SACCOS; mwalimu mstaafu ataielewa ada. Lakini kabla ya baba, mpigie mama. Mwambie shamba linabaki. Na mwambie Shangazi anaulizia dumu la mawese la lita 20, aseme bei yake, nitume fedha kwa simu na kondakta wa basi la Kigoma aniletee.